Mgonjwa Aliyejibu "Sijambo"

Msomaji, kwetu pwani mtoto hufundishwa kujibu "Sijambo" kabla ya kufundishwa kuhesabu. Ajapokuwa na homa ya kumlaza kitandani, akiulizwa hali hujibu kwanza kwamba hajambo. Kisha akizidi kuulizwa, ndipo aseme kwamba kichwa kinamwuma na usiku hakulala. Huo si uongo. Ni adabu tu, maana si vema kumtwika mwenzio mzigo wa maradhi yako kabla hajaketi. Nimejibu hivyo maisha yangu yote, wala sikupata kudhani kwamba neno dogo kama hilo laweza kumzuilia mtu riziki yake. Nataka kukueleza jinsi lilivyomfika kaka yangu, na jinsi jaji asiyejua hata neno moja la Kiswahili alivyopata kulisoma.

Kaka yangu ni kifungua mimba nyumbani kwetu, nami ni kitinda mimba. Alihama Mombasa angali kijana, akaenda Marekani, akakaa katika mji mmoja wa kaskazini ambako theluji huanguka miezi mitano ya mwaka. Huko alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa muda wa miaka kumi na minne aliwainua wazee wa watu kutoka kitandani, akawaogesha, akawavika nguo, akawarudisha kitandani. Mwaka wa 2015, akiwa na umri wa miaka 46, mzee mmoja mzito aliteleza mikononi mwake bafuni. Kaka alimdaka asianguke. Mzee hakupata hata mchubuko. Lakini kaka aliumia pingili za mgongo, na tangu siku ile hakuweza kukaa wala kusimama saa nzima bila ya kubadili mkao.

Yafaa uelewe kwanza kwamba alichokwenda kukiomba serikalini hakikuwa sadaka. Nchini Marekani karibu kila mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya uzee na ya kutojiweza, na mwajiri hutia kiasi kama hicho. Malipo ya wasioweza kazi yaliwekwa kwa sheria aliyoitia sahihi Rais Dwight Eisenhower tarehe 1 Agosti 1956. Mwanzoni yalikuwa ya watu waliotimiza miaka 50 tu. Mpaka huo wa umri uliondolewa mwaka wa 1960. Basi kaka alikuwa amekwisha kuweka akiba yake huko miaka kumi na minne. Sisi tuna neno zuri kwa malipo anayopewa mtu anapomaliza utumishi wake: twayaita kiinua mgongo. Kaka alipenda kulitania neno hilo. Alisema kwamba wengine wanapewa cha kuinulia migongo iliyopinda, na yeye aliyevunjika wa kwake anaambiwa ailete picha yake kwanza.

Mimi nilifika kwake mwaka wa 2017 kwa masomo ya ualimu, nikapewa chumba kidogo cha nyuma. Kazi yangu ya jioni ikawa kumsomea barua za serikali. Si kwamba hakujua Kiingereza. Alikijua kuliko mimi. Lakini alikuwa akizisikiliza amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, maana ndivyo alivyopata nafuu, na barua hizo zilikuwa ndefu. "Nisomee, mdogo wangu," alikuwa akisema, "wewe ndiwe mwalimu."

Katika kusoma huko nilijifunza kwamba sheria ile haimwulizi mtu kama ni kilema. Yauliza jambo jingine, nalo ni gumu zaidi: je, imebaki kazi yo yote ya maana, katika nchi nzima, ambayo mtu huyu aweza kuifanya? Na maradhi yake, je, yatadumu miezi 12 au yatamwua? Tangu mwaka wa 1967 sheria imesema waziwazi kwamba haidhuru kazi hiyo kama haipo karibu na anapoishi, wala kama nafasi haipo, wala kama hakuna tajiri atakayekubali kumwajiri. Yatosha kwamba kazi ipo mahali pengi katika nchi. Mtu asiye na mguu aweza kukataliwa, na mwenye viungo vyake vyote aweza kukubaliwa. Nilipomweleza kaka alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba huko kwetu mtu hupimwa kwa kazi aliyokuwa nayo, na hapa hupimwa kwa kazi asiyopata kuiona.

Safari yenyewe ina vituo. Kwanza maafisa husoma maombi na kuamua. Wakikataa, maombi husomwa tena na wengine. Wakikataa tena, mwombaji huenda mbele ya hakimu wa idara, ambaye ni hakimu kweli, lakini ameajiriwa na idara ile ile inayotakiwa kulipa. Juu yake lipo baraza la rufani. Katika kila kituo mtu hupewa siku 60 za kujitetea, na zikipita amekwisha. Kaka alipeleka maombi mwaka wa 2016, akakataliwa mara mbili, na mwaka wa 2018 akaitwa mbele ya hakimu.

Nilikwenda naye siku hiyo. Alivaa suti aliyoipeleka kwa dobi, akafunga tai. Chumba kilikuwa kidogo, na juu ya meza palikuwa na chombo cha kurekodia sauti. Hakimu alikuwa mtu wa heshima, hakumdharau wala kumkatiza. Alimwuliza hali yake, naye kaka, kama alivyolelewa, alijibu kwamba hajambo, ashukuru. Kisha akaketi wima, mikono juu ya mapaja, dakika arobaini nzima, kama aketivyo mtu mbele ya kadhi. Nilikuwa nyuma yake, nikaona jasho likimtoka shingoni na kulowesha kola, hali nje palikuwa na theluji. Tulipotoka hakuweza kuingia garini. Alilala juu ya benchi la ukumbini hata mlinzi akaja kuuliza kama aite gari la wagonjwa. Nilimwuliza kwa nini hakusimama akajinyosha, maana wakili alimwambia kwamba aruhusiwa. Akanijibu, "Mbele ya mkubwa, mdogo wangu? Nisimame nimpe mgongo?"

Mle chumbani alikuwapo pia shahidi mjuzi wa mambo ya kazi. Hakimu alimwuliza: mtu asiyeweza kuinua mizigo, ila aweza kukaa, aweza kufanya kazi gani? Yule bwana alijibu kwamba aweza kukaa mezani na kuchambua vitu vidogo vidogo, vibaya kando na vizuri kando, na kwamba kazi za namna hiyo zipo kwa maelfu. Alizitoa katika kamusi kubwa ya kazi ambayo mara ya mwisho ilisahihishwa mwaka wa 1991. Katika kamusi hiyo, msomaji, imo hata kazi ya mchambuaji njugu. Idara yenyewe ilikiri mwaka wa 2024 kwamba kazi zaidi ya 100 zilizomo zimepitwa na wakati, ikaagiza zisitumiwe ovyo katika kuwanyima watu. Njugu zilikuwa miongoni mwake. Sijui ni wagonjwa wangapi walikwisha kuambiwa wakachambue njugu kabla ya mwaka huo.

Hukumu ilikuja kwa posta. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, nami nilisoma yote kwa sauti. Ilisema kwamba kaka ana maradhi ya mgongo, ndiyo, lakini aweza kukaa. Na ushahidi wa kwamba aweza kukaa ulikuwa nini? Kwanza, alikaa mbele ya hakimu dakika arobaini bila ya kuonyesha maumivu. Pili, katika jalada la zahanati yake, mara saba, muuguzi ameandika kwamba mgonjwa asema hajambo. Mara saba! Nilisoma tarehe zote saba, naye kaka amelala chali akitazama dari. Daktari wake aliyemtibu miaka mitatu alikuwa ameandika barua kwamba mtu huyu hawezi kukaa zaidi ya nusu saa mfululizo. Barua hiyo ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba haipatani na jalada.

Baraza la rufani lilikataa kuitazama hukumu hiyo mwanzoni mwa 2019. Ikabaki mahakama.

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa upesi. Tangu mwaka wa 1939 sheria imempa mtu aliyenyimwa haki ya kwenda katika mahakama ya wilaya ya serikali ya shirikisho, ambayo haimo chini ya idara. Kaka alifurahi sana. Aliuliza wakili ni siku gani aende, apate kumwonyesha jaji mgongo wake. Wakili alimjibu kwamba hakuna siku. Jaji hatamwona. Hatasikiliza mashahidi, na ushahidi mpya hataupokea ila kwa sababu nzito. Atasoma jalada lile lile, lenye yale majibu saba, pamoja na hoja za mawakili wawili. Wala hataulizwa kama kaka aweza kazi au hawezi. Ataulizwa tu kama hakimu wa idara alifuata sheria, na kama maneno yake yana ushahidi wa kutosha chini yake. Na kiasi cha kutosha si kikubwa: ni zaidi ya chembe, kiasi ambacho mtu mwenye akili timamu angeweza kukikubali, hata kama jaji mwenyewe angaliamua kinyume.

Nilikasirika. Niliona kwamba mahakama ya namna hiyo ni mlango uliochorwa ukutani. Nikaanza kusoma kesi ambazo wakili alizitaja katika hoja zake, ili nione waliotangulia kupita mlango huo walifikaje.

Wa kwanza niliyemkuta ni Pedro Perales, dereva wa lori wa San Antonio, Texas, aliyeumia mgongo kazini mwaka wa 1965. Daktari wake alikuja mwenyewe kumtetea. Madaktari wa upande wa pili hawakuja. Zilikuja karatasi zao tu. Mwaka wa 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba karatasi za daktari aliyemchunguza mtu zaweza kuwa ushahidi wa kutosha, ijapokuwa mwandishi wake hakuonekana, maadamu Perales alikuwa na haki ya kutaka madaktari hao waitwe wahojiwe, naye hakuitumia. Majaji watatu walipinga. Wa pili ni George Eldridge wa Virginia, aliyelipwa tangu 1968, kisha malipo yakakatwa mwaka wa 1972 kabla ya kusikilizwa kwa mdomo. Mahakama hiyo hiyo iliamua mwaka wa 1976 kwamba si lazima mtu asikilizwe kwanza. Asikilizwe baadaye yatosha. Jaji mmoja aliyepinga alikumbusha kwamba Eldridge alikuwa amepoteza nyumba, vyombo vya nyumbani vikachukuliwa, na yeye na mkewe na watoto wao wakalala kitanda kimoja. Na wakati kesi yetu inangoja, Aprili 2019, likatoka shauri la Michael Biestek, mfanyakazi wa ujenzi. Shahidi mjuzi wa kazi alikuwa amesema kwamba zipo kazi 120,000 za kuchambua vitu mezani, akakataa kuonyesha alikopata hesabu hiyo. Mahakama Kuu, majaji sita kwa watatu, ilisema kwamba kukataa huko peke yake hakutoshi kuuangusha ushahidi wake.

Nilipomaliza kusoma hayo nilidhani tumekwisha. Lakini nikasoma pia juu ya miaka ya 1981 hata 1984. Wakati huo serikali ilipitia upya majalada ya waliokuwa wakilipwa, ikawakatia mamia ya maelfu. Watu waliingia mahakamani kwa wingi usiokuwa na mfano, na majaji, kwa chombo kile kile kidogo nilichokidharau, waliwarudishia wengi, mmoja mmoja, kwa sababu moja: aliyewakatia hakuweza kuonyesha kwa nini. Mwisho, mwaka wa 1984, Bunge la Marekani lilibadili sheria bila ya mbunge hata mmoja kupiga kura ya kukataa. Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi ya mahakama hii kwa jicho jingine. Haina uwezo wa kumwona mgonjwa, lakini yaweza kumwambia mwenye madaraka: soma tena, na mara hii andika sababu yako. Jambo hilo si dogo. Sisi nasi, katika Katiba yetu ya 2010, ibara ya 47, tumeandika kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa au yaelekea kuguswa vibaya na uamuzi wa serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mtu akikuambia kwamba hayo ni maneno ya mawakili tu, mwulize kama amepata kunyimwa kitu kwa sentensi moja.

Hukumu ya mahakama ilitoka mwaka wa 2020, katika miezi ile ambayo dunia nzima ilijifungia ndani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Jaji aliandika kwamba, kwa maombi yaliyoletwa kabla ya tarehe 27 Machi 2017, sheria ilimtaka hakimu wa idara kuipa barua ya daktari anayemtibu mgonjwa uzito wa namna ya pekee, na akiikataa aeleze sababu njema. (Waliokuja baada ya tarehe hiyo hawana kinga hiyo, sheria ilibadilishwa. Kaka alikuwa amewahi kwa miezi michache tu.) Jaji akaandika zaidi kwamba katika kurasa zile zile alizosema hajambo, daktari alikuwa ameandika chini yake namna mguu ulivyokufa ganzi na namna mgonjwa alivyoshindwa kuinama. Hakimu alichukua salamu akaacha uchunguzi. Na salamu, alisema, si kipimo cha uti wa mgongo.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, maana kaka aliniomba. Kisha akageuza uso.

Lakini usidhani kwamba alilipwa siku hiyo. Mara nyingi mahakama haiamuru malipo. Hurudisha shauri likasikizwe upya, na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulirudi kwa idara, mwaka wa 2021, mbele ya hakimu mwingine, na safari hii kwa simu, kwa sababu ya korona. Kwa hiyo hata huyo hakumwona. Kaka alijibu maswali yote amelala sakafuni, miguu juu ya kiti, na alipoulizwa hali alikaa kimya kwanza, akanitazama, ndipo akasema kwamba mgongo unamwuma.

Hakimu wa pili alimkubalia, ila kwa njia ambayo hatukuitazamia. Kanuni za idara zina jedwali la umri. Mtu aliyefanya kazi nzito maisha yake yote, asiye na ujuzi wa kuhamishia kazi nyingine, akifikia miaka 50 naye amebakiwa na kazi za kukaa tu, huhesabiwa hajiwezi. Lakini akiwa na miaka 49 na miezi kadhaa, na mgongo ule ule, huambiwa akachambue vitu mezani. Kaka alitimiza 50 mwaka wa 2019. Basi akaandikiwa malipo tangu siku yake ya kuzaliwa ya mwaka huo. Kwa miaka minne iliyotangulia, tangu alipomdaka yule mzee bafuni, jibu lilibaki kwamba angaliweza kukaa na kuchambua.

Wakili alisema kwamba juu ya miaka hiyo minne twaweza kurudi mahakamani, tuna siku 60, naye hatataka fedha mbele. Sheria humruhusu kuchukua si zaidi ya robo ya malimbikizo akishinda. Mimi nilitaka twende. Nilikwisha kuyajua majina ya kesi, nikawa na hamu ya mwanafunzi. Kaka aliomba kalenda. Akahesabu kwa kidole: miaka miwili ya mahakama, mwaka mmoja wa kurudi kwa hakimu, pengine kukataliwa tena. Akaniambia niweke barua ndani ya sanduku pamoja na nyingine.

Jioni ile mama alipiga simu kutoka Mombasa. Kaka aliinuka kutoka sakafuni kwa kushika kiti, maana hakupata kuzungumza na mama akiwa amelala, akaegemea ukuta. Akamwamkia shikamoo. Sikusikia mama alimwuliza nini, lakini nilimsikia yeye akijibu.

"Sijambo, mama," alisema. "Sijambo kabisa."